Benchi la Wageuza Magoti

Nilimpenda Fundi kwa sababu hakujua kusema uongo. Alasiri ile, sebuleni kwa baba yangu, nilitamani angejifunza upesi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, kiti ambacho Baba humpa kila mtu anayekuja kuomba kitu. Alivaa shati la samawati nililomchagulia mimi, maana akiachwa achague mwenyewe huvaa kama mtu anayehama nyumba. Mama alikuwa ameshamimina chai. Shangazi, dada yake Baba, ambaye hajawahi kualikwa popote wala kukosekana popote, alikuwa amejaza nusu ya kochi, sahani ya biskuti mapajani. Binti yangu Kidoti nilikuwa nimempeleka kwa jirani. Mambo ya wakubwa yakiharibika sipendi mtoto ayaone kwa macho. Atayasikia baadaye kwa Shangazi, kama sisi wote.

Kilichotuleta pale kilikuwa kimoja tu. Baba akikubali, matangazo yetu ya ndoa yangesomwa kanisani. Akikataa, yasingesomwa, kwa sababu anayeyasoma ni yeye.

Baba ni mzee wa kanisa na mtunza hazina, na kanisa letu lina desturi yake. Jumapili ya kwanza ya mwezi yeye husimama mbele na kuita majina ya watoa zaka. Kila anayeitwa huinuka na bahasha yake na kwenda kuitia sandukuni. Asiyetoa hubaki amekaa. Lakini mabenchi yetu yamebanana, kwa hiyo aliyebaki amekaa lazima ageuze magoti upande ili wenye bahasha wapite. Ndiyo maana watu wa aina hiyo huitwa wageuza magoti. Hakuna anayelitamka jina hilo mimbarani, ila hata watoto wanalijua. Na wazee walishakubaliana kwamba mwanamume mgeuza magoti hasomewi matangazo mpaka bahasha yake ionekane.

Fundi alikuwa mgeuza magoti. Tena wa kuonekana, maana ana miguu mirefu. Kila mwezi aliigeuza taratibu huku akiwasalimia wanaopita, kama mtu anayewafungulia wageni mlango. Kwenye kapu la sadaka alitia alichotaka. Fungu la kumi hakutoa, na akiulizwa alijibu kwamba Mkristo wa leo halazimiki kulitoa. Alijibu hivyo kwa sauti ileile, awe anaulizwa na mchungaji au na muuza mkaa.

Tulijuana kazini kwangu, duka la dawa. Yeye hutengeneza mafriji. Siku hiyo moto wa kulehemu bomba ulikuwa umemuunguza kiganja, naye akaja ameufunga mkono kwa kitambaa cha kufutia grisi. Nilimgombeza kwanza, nikamsafisha baadaye. Nikamtilia vidonge vya maumivu kwenye bahasha ndogo na kuikunja kama ninavyozikunja zote: ncha moja ndani, kisha pembe juu yake, ili vidonge visimwagike mfukoni. Akaigeuzageuza ile bahasha.

"Umeikunja kama mtu anayefunga zawadi," akasema.

Niliinua macho nimjibu vibaya, nikakuta haitazami bahasha, ananitazama mimi. Macho yake yalikuwa yametulia, hayaombi kitu. Nimeshatazamwa na wanaume wanaoomba kitu, tofauti naijua. Tangu siku hiyo akaniita Dawa, na mimi, mwanamke aliyeachiwa mtoto mmoja na maneno mengi, nikaanza kwenda kazini nimejipaka rangi ya mdomo.

Basi hapo ndipo tulipokuwa Baba alipoweka kikombe chini na kusafisha koo.

"Kijana," alisema, "mimi nikikosea husema nimekosea. Nilikudhania vibaya."

Mama aliinua kichwa. Mimi niliinamisha changu.

"Nilimwambia huyu binti, mwanamume anayebishana na Mungu atashindwa kubishana na wewe? Kumbe mwenzetu ulikuwa unatenda kimyakimya. Miezi hii yote bahasha yako imefika sandukuni. Hukutaka kuitwa, hukutaka kuonekana. Nimewaambia wazee, huyo ndiye mtoaji."

Akanyoosha mkono nyuma ya kochi, akaleta kopo la bati analotunzia bahasha za zaka zilizokwisha kutolewa fedha. Akachomoa moja na kumkabidhi Fundi.

"Nimeona niyaseme haya mbele ya mke wangu na dada yangu. Matangazo nitayasoma kwa kinywa changu."

Shangazi akapiga kigelegele kifupi, cha majaribio.

Fundi aliipokea ile bahasha. Jina lake lilikuwa juu, kwa herufi kubwa nilizoandika kwa mkono wa kushoto. Nilijiona mjanja sana siku ile naandika. Lakini bahasha za kanisa letu hazina gundi ya maana, kila mtu hufunga yake kwa namna yake, wengine kwa pini, wengine kwa mate na imani. Mwandiko niliubadilisha. Mkunjo sikuukumbuka. Vidole vilivyokunja dawa mchana kutwa, miaka nenda miaka rudi, haviulizi ruhusa.

Akaigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye pembe, palepale alipopitisha siku ya kwanza. Kisha akanitazama.

Nilimwomba kwa macho. Sina njia nyingine ya kulisema. Nilimwambia kwa macho: itikia kichwa tu, mpenzi wangu, itikia, halafu tukitoka hapo getini unigombeze mpaka uchoke.

"Hii si yangu, Baba," akasema.

"Si yako vipi? Jina si hilo hapo?"

"Jina ni langu. Bahasha si yangu. Sijawahi kutoa zaka."

"Basi nani anatoa zaka kwa jina lako? Malaika?"

Fundi aliiweka bahasha mezani karibu na sukari na kukunja mikono. Alikuwa amejua, na hakutaka kunitaja. Angeweza kusema hajui, lakini hilo nalo lingekuwa uongo, kwa hiyo akakaa pale kama friji lililochomolewa.

Shangazi ndiye aliyeinama. Alinyakua bahasha, akaisogeza puani, akaipeleka mbali, maana miwani huiacha nyumbani makusudi ili asomewe.

"Mkunjo huu naujua," akasema. "Dawa zangu za presha huja hivihivi. Kila mwezi nahangaika kufungua mpaka presha yenyewe inapanda."

Mama alinigeukia taratibu.

"Mwanangu. Ni wewe?"

"Ni mimi," nikasema. "Nilitoa mshahara wangu, sikuiba. Nilitoa yangu na nikatoa kwa ajili yake, nikazitia sandukuni pamoja. Mlitaka bahasha, bahasha mkapata."

"Umemdanganya baba yako madhabahuni?"

Nilimtazama Baba nikingoja radi. Baba alikuwa anakoroga chai ambayo alishaimaliza. Hapo ndipo akili yangu, ambayo kwa kawaida huamka mapema, ilipoamka. Tangu nianze kazi natoa zaka yangu mwenyewe, na huikunja hivyohivyo. Na anayezifungua zote, kila mwezi, akiwa peke yake kwenye chumba cha wazee, ni Baba.

Mama alifika pale kabla yangu. Wameishi pamoja muda mrefu.

"Baba Dawa," alisema polepole. Jina hilo la Dawa alilichukua kwa Fundi, na siku nyingine lilimchekesha Baba. "Wewe ulijua."

"Nilijua nini?"

"Ulijua tangu ile ya kwanza."

Baba aliweka kijiko. "Nilitafuta mlango," alisema. "Ninaye binti mmoja, ameshaumizwa mara moja. Nikaona amepata mtu anayemchekesha. Wazee wamenikalia kooni, sheria ni sheria. Ikaja bahasha. Nikasema, sawa, Mungu ana njia zake, sitauliza. Nikaipeleka kwa wazee, nikaidhamini kwa heshima yangu." Akamgeukia Fundi, na sauti ikabadilika. "Nimekufungulia mlango, wewe. Kazi yako ilikuwa kupita tu. Mtu mwenye akili angepita."

"Ningepita nikiwa nani, Baba?"

"Ungepita ukiwa mkwe wangu."

"Ungempata mkwe mwingine. Huyo aliyeandikwa hapo. Mimi simjui."

"Mnaona?" Baba aliwageukia akina mama kana kwamba ni baraza. "Mnaona kiburi? Mtu amebebwa mgongoni kuvushwa mto, anamng'ata aliyembeba."

"Basi toa hiyo zaka, kijana, mambo yaishe," Shangazi akasema. "Fungu la kumi si figo."

"Shangazi, sijakataa kutoa. Nimekataa kulazimishwa."

"Nani anakulazimisha?" Baba aliuliza. "Mungu hakulazimishi, anakudai. Ibrahimu alitoa fungu la kumi kabla Musa hajazaliwa. Hapakuwa na sheria. Alitoa."

"Alitoa mara moja, Baba, katika nyara za vita. Sijasoma mahali kwamba alirudi mwezi uliofuata."

Shangazi alicheka, akajifunika mdomo kwa biskuti.

"Na Bwana mwenyewe aliwaambia Mafarisayo wasiache kutoa."

"Aliwaambia watu waliokuwa chini ya sheria, hekalu bado limesimama. Walitoa mazao ya shamba, mpaka majani ya kiungo. Sijakuona ukipokea mnanaa sandukuni."

"Usinifanyie mzaha nyumbani kwangu."

"Sifanyi mzaha. Nabii alisema leteni zaka ghalani ili kiwemo chakula. Chakula, Baba. Walawi hawakupewa shamba, ndiyo maana wakalishwa. Na mgeni alikula, na mjane, na yatima. Mtume alipokuja akasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Hakutaja fungu."

"Moyoni." Baba alilitema neno hilo. "Unajua moyo wa mtu ukiachwa ukusudie wenyewe unakusudia nini? Sarafu. Mimi ndiye ninayehesabu kapu la sadaka, mimi nimeiona mioyo ya watu, nimeimwaga mezani. Vifungo vya mashati nimevikuta humo. Bati la kanisa halikuezekwa na makusudio. Likivuja, ninyi wenye mioyo huwa wa kwanza kusogea pakavu."

Hilo lilimpata Fundi. Nililiona likimpata. Alitazama viganja vyake.

"Ni kweli," akasema.

"Na wewe? Moyo wako umekusudia nini mwaka huu?"

Ningekuwa karibu ningemkanyaga mguu.

"Kuna miezi nilitoa vizuri. Kuna miezi sikutoa kitu. Mwezi mmoja nilinunua viatu."

"Viatu," Baba akasema, na akaegemea nyuma kama mtu aliyeshinda kesi. "Haya, mama, umesikia. Mtume amemruhusu viatu."

Mama alikuwa bado hajamsemesha Fundi neno tangu aulizwe sukari vijiko vingapi. Sasa alimsemesha. Mama hapazi sauti, hukata.

"Mwanamume asiyemtunzia Mungu sehemu moja kati ya kumi," alisema, "mwanangu atamtunzia sehemu ngapi?"

"Mama, mimi kwa binti yako sihesabu sehemu."

"Maneno matamu hayo. Yule wa kwanza naye alikuwa nayo."

"Yule wa kwanza," nikasema.

Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Lakini mtu akitajiwa baba wa mtoto wake kama kipimo, kiapo nacho kina mwisho.

"Yule wa kwanza tumzungumze basi, Mama. Yule aliitwa jina kila mwezi. Bahasha yake ilikuwa nene kuliko zote, na Baba akiitaja alimpa mkono mbele ya watu. Zaka alitoa. Sare ya shule ya Kidoti hakutoa. Alipoondoka aliondoka na kitanda, na Jumapili ile ile akaitwa, akainuka, akapita mbele ya magoti yangu na bahasha. Mimi ndiye niliyebaki nimekaa, kwa sababu fedha ya mwezi ilikuwa imekwenda hospitali. Nikageuza magoti ili apite. Hakuna mzee aliyeuliza kitu. Kila mtu aliona nani ametoa na nani hajatoa."

Shangazi aliacha kutafuna, jambo ambalo silikumbuki kutokea kabla.

"Hilo," Baba alisema hatimaye, "lilikuwa kosa la mtu. Si kosa la zaka."

"Najua. Mimi zaka natoa na sijailalamikia. Ninachosema ni kwamba kipimo chenu hakipimi."

Baba alisimama. Mtu mfupi, lakini akisimama sebuleni kwake dari hushuka.

"Mimi nimeshajivunjia heshima kwa ajili ya nyumba hii, sitaivunja mara mbili. Kijana, sema neno moja mbele ya hawa. Sema kuanzia sasa utatoa fungu la kumi kwa mkono wako. Sitauliza ya nyuma. Sema, na matangazo yatasomwa."

Chumba kizima kilimtazama Fundi. Mimi nilimtazama zaidi ya wote. Alikuwa na jasho juu ya mdomo. Nilijua anavyonipenda, nilijua hilo kama ninavyojua rafu za dawa gizani, na nilijua vilevile atakachosema.

"Nikisema nitakuwa nimekudanganya, Baba. Nisamehe."

Akashukuru kwa chai, akamuaga Mama, akamuaga Shangazi, akatoka. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Nilimfuata. Nilimkuta karibu na tangi la maji, amesimama tu, hajui aende au angoje.

"Umefurahi?" nikamuuliza.

"Dawa, usianze."

"Naanza. Neno moja. Ulitakiwa neno moja, na kabla yake ulitakiwa kuitikia kichwa. Kichwa chako kina uzito gani?"

"Ulinitolea zaka bila kuniambia."

"Ningekuambia ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi si ndiyo maana sikukuambia."

"Sikiliza unavyosema." Alinisogelea. Alikuwa na hasira ya kimya, ambayo sikuwahi kuiona, na nikagundua inamfaa, nikakasirika zaidi. "Ulikuwa unakaa benchi la mbele, unanigeukia mara mojamoja unanitabasamia, nikadhani mwanamke huyu hanionei aibu. Kumbe ulikuwa umeshanificha. Umeniwekea jina langu kwenye bahasha, umewapelekea mtu wanayemtaka."

"Nilikuwa nakutafutia njia."

"Kila mtu leo alikuwa ananitafutia njia. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi."

"Ulikuwa unakuja kwangu. Au nilikosea?"

Akageuka, akalishika tangi kwa kiganja kile chenye kovu.

"Mama yangu aliuza maji baridi na barafu," alisema. "Hilo unalijua. Sijakuambia friji lake lilivyokufa. Liliishiwa gesi. Fedha ya gesi alikuwa nayo mkononi, kwenye kitambaa, nikiiona. Lakini ilikuwa zaka. Akaipeleka. Aliambiwa madirisha ya mbinguni yatafunguka, akaja akakaa mbele ya lile friji akingoja. Nyama waliyoihifadhi humo majirani ikaoza. Biashara ikaisha. Ufundi wangu nilijifunza kwenye maiti ya lile friji."

"Na yeye? Alijuta?"

"Hajajuta mpaka leo. Anasema Mungu alimlipa kwa kunipa mimi ufundi." Alicheka kidogo, bila furaha. "Sijui kama amekosea. Ndiyo maana simcheki mtu anayetoa. Lakini niliapa mtu asije akanishika shingo kwa ahadi ya Mungu. Sasa unataka nikuoe huku nimeshikwa shingo."

Ningeweza kumkumbatia. Nafsi yote ilitaka. Lakini mimi ni mtu wa vitendo, na kitendo kilichokuwa mbele yangu ni kwamba sina tarehe ya harusi, mtoto wangu alishamwita mtu huyu baba kwa siri, na mama yangu ndani ya nyumba anaosha vikombe kwa kishindo.

"Una haki," nikamwambia. "Una haki yote. Lala nayo kitandani, uone kama inapasha joto."

Alitoka nje. Kisha akavuta lango na kulirudisha polepole, asilipige. Ningependa angelipiga.

Jumapili ya kwanza ya mwezi ilifika bila yeye kupita dukani. Kidoti aliuliza maswali mpaka nikamtishia dawa ya minyoo. Asubuhi nilitoa bahasha ya zaka, nikaikunja: ncha ndani, pembe juu. Nikaitazama pale mezani. Nilikuwa nimeitoa miaka yote kwa moyo mweupe, nadhani. Lakini kila nilipoitoa nilijua nitaitwa, na nilijua nisipoinuka watu watahesabu. Kwa hiyo sikuwahi kujua sawasawa ni nani aliyekuwa anainuka, mimi au hofu yangu. Nikaiacha mezani, nikaiwekea mkebe wa chumvi juu isipeperuke, nikamshika Kidoti mkono.

Fundi alikuwa mahali pake, benchi la nyuma, upande wa njia. Nilimkalisha Kidoti upande wa ndani, nikakaa kati yao. Fundi hakugeuka. Alinukia sabuni ya kufulia na, kwa mbali, grisi.

"Benchi lako ni lile la mbele," alisema akitazama mimbari.

"Najua ninapokaa."

Baba akasimama na kuanza kuita. Watu wakainuka. Wa benchi letu wakaanza kupita, nasi tukageuza magoti, Fundi kwa mazoea, mimi kwa shida, maana sketi ilikuwa imebana. Mwanakwaya mmoja aliniangalia mara mbili. Shangazi alipita kutoka benchi la mbele yetu, akachukua njia ndefu makusudi ili aone vizuri.

"Wewe," aliniambia kwa mnong'ono wa kusikika hadi kwaya, "umeumwa?"

"Pita, Shangazi. Unazuia wenye bahasha."

Kisha Baba akaliita jina langu.

Hakuna aliyeinuka. Aliinua uso kutoka kwenye karatasi, akatazama benchi la mbele ninakokaa siku zote, asinione. Akatafuta. Akanipata nyuma kabisa, nimekaa karibu na mtu yule. Aliita tena, sauti ile ile ya kuitia watu. Kichwa baada ya kichwa kikageuka. Mama, aliyekuwa ameshafika sandukuni, alibaki ameshika bahasha yake hewani.

Nilitikisa kichwa. Si kwa dharau. Nilimtikisia kama unavyomtikisia mtu anayekukaribisha chakula na umeshiba.

Baba alishusha macho. Kidole chake kilibaki pale kwenye karatasi kwa muda, halafu kikashuka kwenye jina lililofuata, naye akaliita. Sauti ilikuwa imekauka. Yalipofika matangazo, alisoma ya kikundi cha kina mama, akasoma ya usafi wa uwanja, akakunja karatasi. Yetu hayakusomwa. Sikutegemea yasomwe, lakini yaliniuma kama kwamba yamesomewa mwingine.

"Bahasha yako iko wapi?" Fundi aliuliza. Bado alikuwa anatazama mbele.

"Nyumbani. Chini ya chumvi."

"Hutoi tena?"

"Nitatoa. Wiki ijayo, au siku nyingine yoyote, nitakapotaka. Usifikiri umeniongoa. Nikitaka kutoa fungu la kumi nitatoa, na nikiwa mkeo nitatoa, na hutanifungulia mdomo."

"Sitafungua."

"Na viatu vyako ukinunua nitajua."

Watu walikuwa wanasogeasogea baada ya matangazo, na mmoja wao ni Mama, ambaye benchi lake haliko huku. Alisimama mwisho wa letu, mkoba kifuani. Alinitazama mimi, akamtazama Fundi, na uso wake haukuwa na msamaha hata wa kukopa.

"Sogezeni magoti," alisema. "Nataka kukaa na mjukuu wangu."

Tukayageuza, yangu na ya Fundi, upande mmoja. Alipita, akambeba Kidoti, akakaa alipotoka mtoto. Magoti ya Fundi yalikuwa na nafasi ya kurudi mahali pake. Hayakurudi. Yalibaki yameegemea yangu, na yeye bado anatazama mimbari, na mimi nikatazama mimbari.